Shajara ya mradi: kufungua rejista za zamani za kata bila kuzimaliza

Chumba ni kimoja, mita 3 kwa 4, katika ofisi ya kata upande wa Ilala. Ndani mna rejista 41 na majalada 63. Ya zamani kabisa ni ya miaka ya 1950, ya mwisho ya 1993. Watu wanayataka kila wiki: mirathi, mpaka wa kiwanja, tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya kitambulisho, na wanafunzi wa chuo wenye utafiti wao. Kila kitabu kinapofunguliwa kinapungua kidogo. Maelezo yanaongezwa hatua inapokamilika. Bei zote ni za shilingi, zile zilizolipwa kweli.

15 Januari 2024. Hesabu, na mali ni ya nani

Kabla ya kugusa chochote iliandikwa barua kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Anayetaka kuiga kazi hii asiruke hapa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, rejista za ofisi ya umma ni za umma. Kuzihamisha au kuzichoma bila idhini ni kosa, hata kama zimelala stoo miaka ishirini bila wa kuziuliza. Kwa hiyo kazi yote inafanyika humuhumu ofisini, na hakuna karatasi inayotoka nje ya eneo la ofisi.

Idadi ya kurasa ilikadiriwa kwa rula: sentimita moja ya unene ni kurasa 180 hivi kwa karatasi nzito ya rejista. Jumla ilikuja kama 11,800. Kisha kila rejista ilipewa herufi. A inasomeka (22), B uti wa mgongo umelegea (13), C isifunguliwe hadi ishughulikiwe (6).

Kazi iliyokula muda ni pini na stepla. Kutu inakula karatasi kuizunguka, na ukivuta pini unaondoka na kipande. Njia iliyofaa: ingiza ukanda mwembamba wa plastiki kati ya pini na karatasi, upande wa mbele na wa nyuma, kisha inua miguu ya stepla kwa kisu butu, mmoja mmoja. Badala ya pini mpya, kundi la karatasi linawekwa ndani ya karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati. Selotepu za zamani zimeachwa zilivyo. Zile zilizokauka zinadondoka zenyewe. Zile zinazonata bado zinang'oa wino.

Onyo moja lenye uzito: maandishi mengi ya miaka ya 1950 na 1960 ni ya penseli ya kopi, ile inayoandika kijivu na ikipata maji inageuka zambarau. Kitambaa chenye unyevunyevu tu kinatosha kufuta jina la mtu. Mihuri nayo ni hivyohivyo. Humu ndani kusafisha ni kwa brashi kavu, basi.

9 Februari 2024. Kiyoyozi ndicho kilicholeta ukungu

Vipimaunyevu vitatu (35,000 kila kimoja) viliwekwa chini, katikati na juu ya rafu. Chumba kilikuwa na kiyoyozi kilichowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, kama ofisi nyingine zote, na kila mtu aliamini kinazilinda nyaraka. Vipimo vya wiki tatu vilionyesha kinyume chake. Mchana chumba kilishuka hadi nyuzi 24. Jioni kikizimwa, hewa ya nje ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 iliingia chini ya mlango. Hewa ya namna hiyo huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26, na jalada la rejista lilikuwa bado na 24. Kila usiku vitabu vilikuwa vinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa friji.

Ukungu unahitaji unyevu wa hewa wa zaidi ya asilimia 65 hivi ukae siku kadhaa. Vitabu vya nje vinasema chumba kiwekwe kati ya 45 na 55. Kwa Dar es Salaam, ndani ya jengo la kawaida lenye madirisha ya vioo vya kupangana, lengo hilo ni la kujitia moyo tu. Lililowekwa hapa ni chini ya 60, bila kupanda na kushuka.

Kiyoyozi kimezimwa kabisa. Imenunuliwa mashine ya kukausha hewa (650,000), feni moja inazungusha hewa, na chini ya mlango umebandikwa mpira. Rafu nne za chuma (180,000 kila moja) zimekaa sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani. Zile za mbao zilizokuwapo zimeondolewa. Mbao hutoa asidi inayoharibu karatasi, na mchwa walikuwa wameshaanza kwenye mguu mmoja.

Kosa la kwanza la fedha liko hapa. Mashine iliyonunuliwa ni ya vitufe vya kielektroniki. Umeme ukikatika na kurudi, haiwaki tena mpaka mtu abonyeze. Umeme ulikatika Ijumaa usiku, na Jumatatu kipimo kilisoma 74. Ilirudishwa dukani ikabadilishwa na ya swichi ya kuzungusha, inayowaka yenyewe umeme ukirudi, kwa nyongeza ya 70,000. Kosa la pili lilikuwa ndoo yake: inajaa lita 5 kwa siku, ikijaa mashine inajizima. Tundu limetobolewa ukutani, mpira wa maji unamwaga nje.

4 Machi 2024. Maboksi

Yalinunuliwa maboksi 24 ya plastiki yenye mfuniko wa kubana (12,000 kila moja), kwa hesabu kwamba mvua ya masika ikivuja yatazuia maji. Baada ya siku kumi kipimo kilichofungiwa ndani ya boksi kilisoma 71 wakati chumba kina 59. Karatasi iliingia ndani na unyevu wake, na mfuniko ukaufungia humo. Shilingi 288,000 zimekwenda. Sasa maboksi hayo yanabeba nyaya.

Maboksi maalumu yasiyo na asidi hayakupatikana madukani hapa, na kuyaagiza ilikuwa bei ya kushindana na ada ya shule. Badala yake ilitafutwa kalamu ya kupima asidi (45,000, imeletwa na msafiri). Unachora mstari: ukigeuka njano karatasi ina asidi, ukibaki zambarau ni salama. Matokeo yake yafaa kujulikana na kila ofisi: bahasha za kaki, zinazotumika nchi nzima kuhifadhia nyaraka, zilitoka njano zote. Kadibodi ya maboksi ya kawaida, njano. Karatasi nyeupe ya kawaida ya fotokopi, gramu 80, aina nne zilizopimwa zote zilikuwa salama.

Basi jalada la sasa ni karatasi za fotokopi pande zote, kisha boksi la kadibodi lenye matundu mawili ya hewa. Kadibodi itabadilishwa kila baada ya miaka michache, na karatasi nyeupe ndiyo inayogusana na waraka. Rejista za B zimefungwa kwa utepe wa kitambaa cha marekani, kisichopaushwa wala kutiwa rangi, mita 10 kwa 40,000. Fundo likae upande wa mbele, lisikae kwenye uti wa mgongo.

13 Mei 2024. Masika, na friza ya samaki

Mvua zilikuwa kubwa, na mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani chumba kilifungwa siku tatu. Paa lilivuja kwenye kona ambayo haikuwa na rafu, kwa bahati. Lakini rejista mbili zilizokuwa mezani kwa msomaji hazikurudishwa mahali pake, na zikashika ukungu kwenye kitambaa cha jalada.

Kuna namna mbili za ukungu, ulio hai na uliokauka. Ulio hai una majimaji, ukiugusa unapakaa. Huo usipigwe brashi, utausukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Kwanza ukaushwe: vitabu vilisimamishwa kurasa zikiwa zimefunguka kidogo, mbele ya feni isiyovipulizia moja kwa moja, siku nne. Ukishakuwa unga, unapigwa brashi laini nje ya jengo, upepo ukitokea nyuma ya mfanyakazi, akiwa na barakoa ya N95 (pakiti 40,000). Msaidizi mmoja alishaanza kufuta jalada kwa dawa ya klorini kabla hajazuiwa. Doa la ukungu liliondoka, rangi ya kitambaa ikaondoka nalo, na jina la mtaa halisomeki tena. Klorini isiingie chumba cha nyaraka hata kwa kudeki.

Katika rejista sita za C kulikuwa na wadudu: mende, na wale wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu. Nafthalini haiwamalizi, na harufu yake inamfukuza msomaji kabla ya mdudu. Imekodiwa friza (60,000 kwa mwezi). Kila kitabu kilifungwa mifuko miwili ya plastiki, hewa ikatolewa, kikakaa wiki mbili kwenye baridi ya karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Kinapotoka kisifunguliwe kwa saa 24, ili maji yatonee juu ya mfuko na si juu ya karatasi. Friza ilikuwa ya muuza samaki. Imeoshwa mara tatu, na bado rejista moja ya kodi ya nyumba inanukia soko la samaki la Feri.

17 Juni 2024. Picha: kurasa 640 zilizorudiwa

Jaribio la kwanza lilikuwa simu na programu ya kuskani. Ni haraka: kurasa 640 kwa siku mbili. Shida ni kwamba programu inaisafisha picha. Inaamua lipi ni andishi na lipi ni uchafu, na penseli hafifu pembeni mwa mstari kwake ni uchafu. Katika rejista hizi pembeni ndiko karani alikoandika "amehamia Magomeni" au "amefariki". Kurasa zote 640 zimepigwa upya.

Sasa ni kamera ya mtumba ya megapikseli 24 (1,150,000) juu ya stendi ya mbao iliyotengenezwa na fundi wa Keko (120,000), inayotazama chini, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45. Ukurasa wa A3 ukijaza picha, unapata nukta karibu 340 kwa inchi, inatosha kwa mwandiko. Taa za kwanza zilikuwa za bei rahisi (18,000 kila moja), na picha zilitoka na mistari ya giza. Sababu ni kwamba umeme wetu ni wa hetzi 50, na taa hizo zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera ikipiga kwa 1/200 ya sekunde inanasa nusu ya kupepesa. Kupiga kwa 1/50 kuliondoa mistari mingi, na taa bora (55,000 kila moja) ziliondoa iliyobaki.

Kitabu kisilazimishwe kulala gorofa. Kinafunguliwa kwa pembe ya nyuzi 100 hivi juu ya mito, ukurasa mmoja mmoja. Mito ya kwanza ilijazwa mchele. Ndani ya mwezi ilikuwa na fukusi, yaani tulikuwa tumewapelekea wadudu futari. Sasa ni vipande vya sponji ya godoro ndani ya kitambaa cha marekani, vinatumika wakati wa kusoma na kupiga picha tu, havihifadhiwi pamoja na kitabu.

Kuhusu majina ya faili: kamera ikifika 9999 inaanza tena 0001, na siku hiyo faili 38 zilifutwa na nyingine zenye jina lilelile wakati wa kunakili. Tangu hapo kila faili inapewa jina jioni hiyohiyo: namba ya rejista, namba ya ukurasa, toleo. Picha ya asili isiyobanwa ni megabaiti 72. Kwa kurasa 11,800 hiyo ni terabaiti 0.85. Diski mbili za terabaiti 2 (230,000 kila moja) zina nakala sawa, moja inalala nje ya jengo. Kila faili ina alama yake ya ukaguzi ya SHA-256 (namba inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo) inayohakikiwa kila robo mwaka, maana diski huharibika kimyakimya.

19 Agosti 2024. Faharasa

Hili ndilo lililopaswa kufanywa kwanza. Daftari la wasomaji la Machi hadi Mei lina maombi 57. Kati ya hayo 44 yalitaka mstari mmoja tu: jina la mtu au nyumba fulani, mwaka fulani. Kuupata mstari huo msomaji alifungua kwa wastani rejista tatu na kupindua kurasa kama 400. Na maombi 31 yalirudia rejista sita tu. Kinachoziua ni kutafuta. Kusoma kwenyewe ni dakika tano.

Makarani wawili waliandika faharasa kwa siku 46 (10,000 kwa siku kila mmoja, jumla 920,000), wakisoma kutoka kwenye picha bila kugusa rejista. Kompyuta kusoma mwandiko wenyewe ilijaribiwa kwa kurasa 20 ikaachwa. Sahihi za herufi za Kiarabu iliziona kuwa mikwaruzo.

Mwezi wa kwanza wa faharasa ulikuwa karibu bure kwa sababu ya tahajia. Mtu mmoja ni Athumani katika rejista moja, Othman katika nyingine, Usmani katika ya tatu, Mwanaidi ni Mwana Idi, "binti" imeandikwa "bt." au imeachwa kabisa. Karani mmoja alisahihisha majina, mwenzake aliyaacha. Suluhisho ni safu mbili: ya kwanza jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, ya pili umbo sanifu la kutafutia. Kamwe usiisahihishe safu ya kwanza, maana mbele ya hakimu wa mirathi ndiyo inayotakiwa.

Iliongezwa pia safu ya visivyokuwepo. Mihutasari ya mikutano inakatika kati ya 1972 na 1978. Haijapotea: halmashauri zilivunjwa wakati wa Madaraka Mikoani, mpango wa serikali ulioanza 1972, na za miji zikarudishwa 1978. Kabla faharasa haijasema hivyo, wasomaji walikuwa wanachakura majalada yote wakiitafuta.

Imeongezwa baadaye: Septemba yalikuja maombi 22. Rejista zilizofunguliwa: 3.

7 Oktoba 2024. Nani aone nini

Vijana waliosaidia picha walitaka zote ziwekwe kwenye intaneti. Wazee wa mtaa walikataa, na hoja zao zilikuwa nzito kuliko zilivyosikika mwanzoni. Rejista za nyumba zina safu ya kabila, za kodi zina wadaiwa, na mbili zina maelezo ya maradhi. Wenye majina hayo wengine wako hai, na wajukuu wao wanaishi nyumba zilezile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Kanuni ya kufungua nyaraka za umma zikifikisha miaka 30 haiondoi wajibu wa kulinda taarifa hizo.

La pili halikuwa limefikiriwa na yeyote kati yetu: madalali wa viwanja. Katika daftari la wasomaji jina moja lilirudi mara saba, kila mara likiuliza nyumba ambazo mmiliki wake alifariki bila warithi kuandikwa. Picha safi ya ukurasa ina sahihi, dole gumba na muhuri wa zamani, yaani vifaa vyote vya kughushi hati.

Uamuzi ulioandikwa na kubandikwa mlangoni: faharasa yenye jina, mwaka na namba ya rejista iko wazi kwa kila mtu, imechapwa na iko kwenye kompyuta ya mapokezi. Namba ya nyumba imeondolewa humo, ili jina na kiwanja visikutane bila mtu kuuliza. Picha zinasomwa ofisini tu, kwa ubora mdogo wa pikseli 2,000, zikiwa na maneno NAKALA YA KUSOMEA katikati, na sahihi zimefunikwa. Kurasa za maradhi zimefungwa kwa wote isipokuwa mhusika au mrithi wake mwenye barua. Kitabu chenyewe kinatolewa pale tu picha isipotosha: wino unaotiliwa shaka, ukurasa unaodaiwa kuongezwa, amri ya mahakama.

Anayepewa kitabu ananawa mikono na kuikausha. Glovu za pamba zimeachwa, vidole vinakosa hisia na kuchana kona. Penseli peke yake mezani. Simu inaruhusiwa, mwanga wake si tatizo kama mkono unaokandamiza kitabu ili kitulie kwa picha, kwa hiyo karani ndiye anayekishika.

Hii haijamridhisha kila mtu. Mwanafunzi wa historia anayetaka safu ya kabila kwa mtaa mzima inabidi aombe hesabu zisizo na majina, na karani anamtengenezea kwa mkono, siku mbili hadi tatu.

2 Desemba 2024. Fedha na yaliyobaki

Jumla hadi leo ni 4,814,000, malipo ya makarani yakiwemo. Zilizopotea kwa makosa ni 394,000: maboksi ya plastiki, taa za kwanza, nyongeza ya kubadilisha mashine. Umeme wa mashine ya kukausha hewa haumo, unaingia kwenye LUKU ya ofisi.

Vuli inaelekea kuisha na kipimo cha juu kabisa hadi leo kilikuwa 63, kwa siku mbili. Kurasa zilizopigwa picha ni 9,260. Zilizo kwenye faharasa ni 7,100. Rejista nne za C bado hazijafunguliwa: uti wake umeoza, na gundi ya uwanga wa ngano iliyopikwa na kuchujwa imejaribiwa kwenye kitabu kisicho na thamani, ikachukua siku tatu kukauka kwa hewa ya hapa. Itajaribiwa tena Januari, kaskazi ikiwa inavuma.